Mkorogo na Kiini cha Seli: Namna Homoni za Steroidi Zinavyoziamuru Jeni Zetu



Ndugu wapendwa waamini, anayepita Mchikichini kuelekea Kariakoo, iwe kwa upande wa soko la Karume au kwa Mtaa wa Msimbazi, anajua kwamba huku hakuna bidhaa inayokosa mteja. Pembeni ya marobota ya mitumba na viatu, juu ya meza ndogo au ndani ya boksi la machinga, huonekana pia vikopo na tyubu za krimu za kung'arisha ngozi. Nyingine zina maandishi ya lugha ambazo muuzaji na mnunuzi wote hawazisomi. Nyingine huchanganywa papo hapo, krimu mbili tatu katika kopo moja, na mchanganyiko huo ndio tunaouita mkorogo.

Swali linaloletwa mara kwa mara kwa mapadre na katika jumuiya ndogondogo ni fupi: je, kujichubua ni dhambi? Ni swali la haki, lakini halijibiki vema kabla hatujajua ni kitu gani hasa kinachotendeka. Dhamiri haiwezi kupima tendo isilolifahamu. Kwa sababu hiyo makala hii itaanza na maumbile, kisha ndipo iende kwenye maadili. Krimu nyingi za namna hii zina dawa kali za jamii ya steroidi, kama vile klobetasoli na betamethasoni. Dawa hizo ni ujumbe unaosafiri hadi ndani kabisa ya seli, mahali zilipo jeni, na kutoa amri.

Homoni ni mjumbe

Mwili wa mtu mzima una seli zaidi ya trilioni 30. Ili seli hizo zifanye kazi kama mwili mmoja, zinahitaji kupeana habari. Sehemu ya habari hizo hupelekwa na homoni, yaani kemikali zinazotengenezwa na tezi na kusambazwa kwa njia ya damu.

Kundi mojawapo la homoni hutengenezwa kutokana na kolesteroli, na ndilo liitwalo homoni za steroidi. Humo mna kotisoli, itokayo katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, ambayo huuwezesha mwili kustahimili shida, njaa, ugonjwa na majeraha. Mna aldosteroni, inayosimamia chumvi na maji. Mna pia estrojeni, projesteroni na testosteroni, zinazohusika na uzazi na ukuaji wa mwili wa mwanamke na wa mwanamume.

Kwa kuwa zimetokana na kolesteroli, homoni hizi zina tabia ya mafuta. Jina la Mchikichini linatukumbusha mchikichi, mti wa mawese, na kila mama aliyepika kwa mawese anajua kwamba hayachanganyiki na maji, bali huchanganyika mara moja na mafuta mengine. Utando unaoizunguka seli nao umejengwa kwa mafuta. Homoni kama insulini, ambayo si ya mafuta, hubaki nje ya seli, ikapiga hodi na kuacha ujumbe wake mlangoni. Homoni ya steroidi hupenya utando na kuingia ndani. Tabia hiyohiyo ndiyo inayoiwezesha krimu ya steroidi iliyopakwa juu ya ngozi kuzifikia seli zilizo chini yake, na hata kuingia katika damu.

Kitabu na karani

Karibu kila seli yetu ina kiini, na ndani ya kiini mna DNA, uzi mwembamba ambao ukinyooshwa unafikia urefu wa takriban mita 2. Katika uzi huo mna jeni zipatazo 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Seli ya ngozi na seli ya ini zina maelekezo yaleyale. Zinatofautiana kwa sababu ya kurasa zilizofunguliwa na kurasa zilizofungwa.

Tufikiri juu ya ofisi ya parokia. Kuna vitabu vikubwa vya kumbukumbu: ubatizo, kipaimara, ndoa. Barua ikifika kuomba cheti, barua yenyewe haina uwezo wa kufungua kitabu. Inamhitaji karani anayeipokea, anayejua kitabu kilipo, anayefungua ukurasa unaohusika na kunakili yaliyoandikwa. Ofisi isiyo na karani inaweza kupokea barua 100 na isitoe cheti hata kimoja.

Katika seli, karani huyo huitwa kipokezi. Kila homoni ya steroidi ina kipokezi chake, nacho ni protini yenye umbo la kuikamata homoni hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mwanasayansi Elwood Jensen na wenzake huko Chicago walitumia estrojeni iliyotiwa alama ya mionzi. Waliona kwamba tishu kama mji wa mimba ziliishika na kukaa nayo, ilhali tishu nyingine ziliiachia ipite. Sababu ni kwamba zile za kwanza zilikuwa na kipokezi chake kwa wingi. Mwaka 1985 maabara ya Ronald Evans huko California ilifaulu kuisoma jeni ya kipokezi cha kotisoli cha binadamu. Leo inafahamika kwamba binadamu ana vipokezi 48 vya ukoo huo mmoja.

Kipokezi cha kotisoli hungoja katika majimaji ya seli, nje ya kiini, kikiwa kimeshikiliwa na protini saidizi. Kotisoli ikiingia na kukaa mahali pake, umbo la kipokezi hubadilika, nacho husafiri na kuingia ndani ya kiini. Humo, vipokezi viwili huungana kama jozi na kushika DNA mahali maalumu. Mahali hapo hutambulika kwa mpangilio wa herufi 15 za DNA: sita za kwanza, pengo la tatu, kisha sita nyingine zinazoziakisi zile za mwanzo. Kila kipokezi hushika kwa sehemu mbili zenye umbo kama vidole, na kila kidole kimeimarishwa na chembe ya zinki.

Baada ya hapo kipokezi huita protini nyingine, ambazo huulegeza uzi wa DNA ili ukurasa usomeke. Jeni hunakiliwa, nakala hutoka nje ya kiini, na seli hutengeneza protini iliyoagizwa. Kazi hiyo yote huchukua muda wa saa kadhaa. Mgonjwa wa pumu anaijua tofauti hiyo hata kama hajaelezwa sababu yake: dawa ya kuvuta inayotanua mirija husaidia ndani ya dakika chache, lakini vidonge vya prednisoloni huanza kuonesha nguvu baada ya saa kadhaa, kwa maana kazi yake hufanyika katika jeni.

Kuamsha na kunyamazisha

Kipokezi hakifungui kurasa tu. Hufunga nyingine pia. Mwili unaposhambuliwa na vijidudu au kujeruhiwa, protini kama ile iitwayo NF-kappa-B huziamsha jeni zinazoleta uvimbe, joto, wekundu na maumivu. Hiyo ni ishara kwamba ulinzi unafanya kazi. Lakini ulinzi ukizidi kiasi, unamdhuru mwenye nyumba. Kipokezi chenye kotisoli huizuia NF-kappa-B, na jeni za uvimbe hunyamaza.

Katika ngozi, jeni nyingine zinazopunguzwa sauti ni zile za kutengeneza kolajeni, protini inayoipa ngozi unene na uimara. Seli zinazotengeneza melanini, rangi yetu ya asili, nazo hupunguza kazi, na mishipa midogo ya damu hubana. Kwa sababu hiyo ngozi iliyopakwa steroidi kali hupauka, chunusi hutulia kwa muda, na vipele hufifia. Mtumiaji husema krimu imemkubali. Kwa hakika ngozi yake imenyamazishwa.

Molekuli iliyookoa wengi

Haitakuwa haki kuzisema steroidi kama sumu tupu. Mnamo Septemba 1948, katika Kliniki ya Mayo nchini Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimpa kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hawezi kutembea kwa maumivu, na katika siku chache alipata nafuu kubwa. Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950.

Mama anapokuwa katika hatari ya kujifungua kabla ya wakati, daktari anaweza kumchoma sindano ya deksamethasoni au betamethasoni. Dawa hupita katika kondo la nyuma, hufika katika mapafu ya mtoto na kuamsha mapema jeni za kutengeneza utelezi unaozuia vifuko vya hewa kugandamana. Liggins na Howie wa New Zealand walionesha jambo hilo mwaka 1972. Shirika la Afya Duniani lililipima upya katika nchi tano, jirani zetu Kenya wakiwamo, na matokeo yalitangazwa mwaka 2020: kati ya kila watoto 100 wa mama walio katika hatari hiyo, vifo vya siku za mwanzo vilikuwa takriban 20 kwa waliopata dawa, na karibu 24 kwa wasioipata. Hao watoto wanne katika kila 100 wanaishi kwa sababu kipokezi kilifungua ukurasa kwa wakati. Mwaka huohuo, utafiti wa Uingereza ulionesha kwamba deksamethasoni ilipunguza kwa theluthi moja vifo vya wagonjwa wa Uviko-19 waliokuwa wakipumulia mashine.

Kwa hiyo mzazi asikatae prednisoloni aliyoandikiwa mtoto wake wa pumu kwa sababu tu amesikia kwamba steroidi ni mbaya. Tofauti ipo katika kipimo, muda, sababu na usimamizi.

Mkorogo unapotoa amri

Klobetasoli ipo katika daraja la juu kabisa la nguvu za krimu za steroidi. Ina nguvu mara mamia kuliko haidrokotisoni ya kawaida. Maelekezo ya kitabibu husema isitumike zaidi ya wiki mbili mfululizo, wala zaidi ya gramu 50 kwa wiki, na kwamba hata gramu 2 kwa siku zinaweza kuanza kuzipunguzia kazi tezi zilizo juu ya figo. Sasa tumfikirie mtu anayejipaka mwili mzima, asubuhi na jioni, kwa miaka.

Ngozi iliyopungukiwa kolajeni huwa nyembamba, mishipa huonekana, na michirizi hutokea mapajani, kwapani na tumboni, nayo haifutiki. Vidonda huchelewa kupona. Mshono wa upasuaji, pamoja na ule wa mama aliyejifungua kwa upasuaji, unaweza kushindwa kushika. Fangasi huenea chini ya ngozi iliyonyamazishwa bila kujionesha kwa sura yake ya kawaida. Dawa ikiingia katika damu kwa wingi, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na huweza kudhuru macho na mifupa. Bado hatujataja zebaki na haidrokwinoni, ambazo nazo hukutwa katika baadhi ya mikorogo na zina madhara yake zenyewe.

Kuna jambo la kutafakari hapa. Melanini ni kinga dhidi ya jua. Ndugu zetu wenye ualbino wanajua kuliko sisi sote thamani yake. Katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 huko KCMC, Moshi, imetengenezwa krimu maalumu ya kuwakinga na jua ili wasipate saratani ya ngozi. Kinga ambayo wengine wanaitafuta kwa shida, sisi tunalipa fedha ili tuiondoe.

Tezi iliyolala

Hatari kubwa zaidi haionekani kwenye kioo. Ubongo hupima daima kiasi cha kotisoli katika damu. Ikipungua, huagiza tezi zitengeneze zaidi. Ikizidi, huzituliza. Wafanyabiashara wa Kariakoo wataielewa hali hii. Fundi ana wafanyakazi watano wanaoshona mashati. Mzigo mkubwa wa mashati ya bei nafuu unaingia kutoka nje kila wiki, oda zinakwisha, anawapunguza wafanyakazi mmoja mmoja na hatimaye anafunga. Siku meli isipofika, soko halina shati, na fundi hawezi kuanza kushona asubuhi inayofuata.

Ndivyo inavyokuwa kwa tezi za mtu aliyetumia steroidi kali kwa muda mrefu. Zimelala, na huenda zimesinyaa. Akiacha ghafla, au akipatwa na ajali, homa kali au upasuaji, mwili unadai kotisoli nyingi na haipo. Shinikizo la damu huanguka, hutapika, huishiwa nguvu, na anaweza kufa. Daktari anaweza kuzuia hatari hiyo kwa urahisi, mradi ajue. Mgonjwa anayeficha mkorogo kwa aibu anapoulizwa dawa anazotumia, anamfungia daktari mlango wa kumsaidia.

Hukumu ya dhamiri

Sasa tunaweza kurudi kwenye swali la mwanzo. Kanisa linafundisha kwamba uhai na afya ya mwili ni zawadi za thamani tulizokabidhiwa na Mungu, nasi ni watunzaji wake. Mtume Paulo anawakumbusha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Kuudhuru mwili kwa kujua na kwa hiari, bila sababu ya haki, ni kosa la kweli dhidi ya amri ya tano. Tena, mtu anayeamini kwamba alipoumbwa mweusi Mungu alipunguza kitu, ana jeraha la imani linalohitaji kutibiwa kabla ya ngozi.

Lakini uzito wa kosa hupimwa pia kwa ufahamu na uhuru wa mtendaji. Utafiti wa Kelly Lewis na wenzake juu ya wanawake wa Dar es Salaam waliojichubua, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta sababu nyingi: kuondoa chunusi, kupata ngozi laini, kumridhisha mwenzi, kuwapendeza marafiki, na kurekebisha madhara yaliyoletwa na kujichubua kwenyewe. Sababu hiyo ya mwisho inasikitisha kuliko zote. Mtu huyo hahitaji kukemewa mbele za watu. Amenaswa, na anahitaji kushikwa mkono.

Na hapo ndipo wengine tunapoguswa. Mume au mchumba anayesifia weupe wa wanawake wengine mbele ya mwenzi wake ana sehemu yake katika mkorogo huo. Shangazi na marafiki wanaomwandaa bibi harusi kwa krimu za wiki tatu kabla ya ndoa wana sehemu yao. Muuzaji anayejua kilichomo na akauza ana sehemu kubwa zaidi, kwa kuwa anapata riba katika madhara ya jirani yake. Sheria za nchi yetu zimepiga marufuku steroidi, zebaki na haidrokwinoni katika vipodozi. Tangu mwaka 2019, iliyokuwa TFDA ilipogeuzwa kuwa TMDA, usimamizi wa vipodozi umekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Mwamini mfanyabiashara asijidanganye kwamba sadaka ya Jumapili inasafisha faida ya namna hiyo.

Tufanye nini?

Kwanza, anayetumia mkorogo au krimu kali kwa muda mrefu asiache ghafla peke yake. Aende hospitali, aonane na daktari, ikiwezekana wa ngozi, achukue na kopo lenyewe. Daktari atampunguzia dawa hatua kwa hatua. Ngozi inaweza kuwasha na kuwa nyekundu baada ya kuacha. Jambo hilo limwongoze kwa daktari, lisimrudishe kwenye kopo.

Pili, kabla ya upasuaji wowote, na katika kliniki ya wajawazito, mweleze mhudumu ukweli wote.

Tatu, usitumie vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa bila cheti cha daktari. Deksamethasoni hutumiwa vibaya kwa lengo hilo katika nchi mbalimbali za Afrika, nayo huleta madhara yaleyale kwa kasi zaidi. Wala usimpake mtoto mchanga krimu usiyoijua.

Nne, akina mama wa WAWATA na viongozi wa jumuiya walizungumze jambo hili kwa upole, hasa na mabinti wanaojiandaa kwa kipaimara na ndoa, wakimwalika mhudumu wa afya wa eneo lao.

Wapendwa, mtunga zaburi alimshangaa Mungu aliyemuumba kwa namna ya ajabu tumboni mwa mama yake, naye hakujua lolote juu ya herufi 15 za DNA wala vidole vya zinki. Sisi tumejaliwa kuyajua. Ujuzi huo utufundishe kuishukuru ngozi tuliyopewa, na kuuacha ufunguo wa kurasa zake mikononi mwa Muumba na mwa wale waliosomea kuutumia kwa ajili ya uponyaji.